Kaniki, Ulimbo na Ng'ombe wa Mapacha

Mwezi uliopita nilipata nafasi ya kukaa mbele katika lori lililokuwa likienda Sikonge kuchukua tumbaku. Wanaonifahamu wanajua kwamba mimi sikai mahali. Nimepanga vyumba Kigoma, Mpanda, Mwanza na Mbeya, na kila nikianza kuzoea harufu ya mji nafunga mzigo. Lakini barabara ile ya kutoka Tabora sikuwa nimeipita kwa miaka mingi. Tulipofika pale inaposhuka kidogo kuelekea kijito, kabla akili yangu haijasema lolote, mikono yangu miwili ikainuka juu kama ya mtu anayepimwa nguo na fundi, na mgongo ukajigeuza wenyewe kuelekea dirishani.

"Vipi, mama? Umeumwa na mdudu?" dereva akauliza.

"Bado," nikamwambia. "Nangoja kufagiwa."

Nilimwona kijana yule akisogeza kisu chake cha kukatia kamba mbali na mkono wangu.

Wewe ndugu yangu uliyekulia upande ule kabla ya uhuru hutanicheka. Unakumbuka kwamba hapo palikuwa na kizuizi cha mbung'o. Gogo lililopigwa rangi limelazwa barabarani, kibanda cha nyasi pembeni, na ndani ya kibanda mtu mwenye kaptula ya kaki, wavu mdogo mkononi na filimbi shingoni. Mbung'o walikuwa wakiua ng'ombe na kuwatia watu ugonjwa wa kulala. Msitu wote wa upande wa Sikonge ulikuwa wao. Upande wetu serikali ilikuwa imekata miti ili wasipate kivuli, nasi tukaishi hapo mpakani, kijiji cha nyumba chache. Kila aliyetoka msituni, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa gari, ilibidi asimame afagiwe, asije akaingia Tabora na mbung'o mgongoni.

Mwenye wavu alikuwa mjomba wangu. Kwa serikali alikuwa mlinzi wa kizuizi. Kwa bibi alikuwa mwanawe wa mwisho asiyejua kupalilia.

"Inua mikono! Geuka! Usicheke, mbung'o mwenyewe hacheki!"

Ndivyo alivyowaambia wote. Aliwafagia warina asali waliotoka msituni wakinuka moshi, akamfagia padri, akamfagia bibi harusi aliyekuwa akilia kwa kuwaacha wazazi wake, tena akamzungusha mara mbili kwa sababu ya wingi wa nguo. Mtu mmoja tu hakuthubutu kumfagia: Bwana Mbung'o, yule Mzungu aliyekuja kila baada ya miezi michache kukagua kizuizi. Huyo, mjomba alimpigia saluti kwa mkono wenye wavu, wavu ukamfunika usoni.

Wazazi wangu walikuwa Tabora mjini, baba akifanya kazi ya reli, na mimi nililetwa kwa bibi nikiwa na miaka minane ili nijifunze kazi. Bibi hakunificha matumaini yake. "Mke mwenzangu," aliniambia, maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kike, "kwa uvivu huu mume wetu atanirudia mimi." Mume mwenyewe, babu yangu, alikuwa amekufa kabla sijazaliwa.

Bibi alikuwa na kaniki mbili, zile nguo nyeusi zenye rangi ya mbilingani, moja mwilini na moja kwenye kamba. Kazi ya shamba ikiisha, alikwenda kukaa kwenye kivuli cha kibanda cha mjomba na ungo wa karanga mapajani, akimenya na kuwatazama wapita njia. Lakini hakutazama tu. Mbele yake kulikuwa na marundo mawili ya maganda. Mjomba akimnasa mbung'o kwenye mgongo wa mtu, bibi aliweka ganda moja, ama kushoto ama kulia.

Kuhesabu kwa maganda alikurithi. Baba yake alikuwa mpagazi, mmoja wa wale waliobeba mizigo kwenda pwani kwa njia ya misafara na kurudi, na mama yake alihesabu siku za safari kwa kutia ganda la karanga ndani ya kibuyu kila jioni. Wake wenzake walikuwa wakilia na kwenda kwa waganga kuuliza kama waume zao wako hai. Mama yake bibi alitikisa kibuyu akasema, "Bado, hakijajaa." Bibi alikua akiamini kwamba jambo usilolihesabu hulijui, unalihisi tu.

Basi pale kibandani palikuwa na ubishi usiokwisha. Kwa nini mtu mmoja anatoka msituni na mbung'o sita mgongoni, na mwenzake waliyefuatana hana hata mmoja?

"Ni damu," mjomba alisema. "Wengine wana damu tamu."

"Ni moshi," alisema mrina asali, jirani yetu. "Sisi tunaonuka moshi wanatukimbia." Wakati akisema hivyo, mjomba alikuwa akimtoa mbung'o wa nne begani.

Mwinjilisti wetu, Mmoravia mwenye baiskeli na miwani, alidhani mbung'o anawatambua wale wasiofika ibadani. Nadharia hiyo ilidumu mpaka Jumapili moja alipotoka kuhubiri vijiji vya msituni, amevaa koti lake jeusi la kazi ya Bwana, akafagiwa mbung'o kumi na mmoja. Bibi aliweka maganda kumi na moja kushoto, polepole, moja moja, akimtazama.

"Mama, hilo rundo la kushoto ni la nini?" mwinjilisti aliuliza.

"La nguo nyeusi, mwalimu. La kulia ni la nguo nyeupe." Rundo la kushoto lilikuwa kichuguu. La kulia lingeenea kwenye kiganja cha mtoto.

Mjomba alicheka. "Mama, mdudu atajuaje rangi? Hana hata shule."

"Wewe unayo shule. Rangi ya mbung'o uliyemnasa jana uliijua?"

Hivyo ndivyo ilivyokuwa kwa muda mrefu. Maganda yaliongezeka, kuku wakayatawanya, bibi akayarudia. Wote tulidhani ni mchezo wa mama mtu mzima.

Mwaka mmoja wa mvua nyingi, mama mdogo, mdogo wake mama yangu, alirudi kutoka Nzega alikoolewa ili bibi amsaidie kulea, amebeba watoto wawili, mmoja mbele na mmoja mgongoni. Mapacha: Kulwa na Doto, kama mapacha wote wa kwetu wanavyoitwa. Kulwa alikuwa mtoto kamili, mnene, mwenye hasira. Doto alienea kwenye ungo. Mama mdogo hakuwa na maziwa ya kutosha wawili, na Kulwa hakuwa mtu wa kugawana. Doto alilia kwa sauti nyembamba kama bawaba ya mlango, halafu ikafika siku hakulia tena, akawa anatazama tu. Mwinjilisti alikuja akambatiza siku ya Jumatano, bila kungoja Jumapili. Hata mimi niliyekuwa mtoto nilielewa Jumatano ile ilikuwa na maana gani.

Wakwe wa Nzega hawakuwa watu wabaya. Baba mkwe aliposikia, alituma ng'ombe mwenye maziwa, aswagwe siku kadhaa hadi kwetu kwa ajili ya Doto. Aliyemleta alitushika mikono kama anayetoa pole kabla ya msiba. Kila mtu alijua ng'ombe haishi kwetu. Tuliwahi kuwa na mmoja. Miezi mitatu tu akawa kama kitanda kilichokatika kamba, akafa. Miti ilikatwa, mjomba alifagia, lakini msitu ulikuwa karibu, na mbung'o hawakupita wote barabarani.

Bibi alimzunguka ng'ombe yule mara moja. Alikuwa mweusi kutoka pembe hadi kwato, hana doa.

"Jamani," akasema. "Nchi nzima ya Nzega ina ng'ombe wa rangi zote, nao wameniletea kaniki yenye miguu minne!"

Maziwa yalichemshwa, yakapozwa, Doto akanyweshwa kwa kijiko. Siku ya nne alilia. Ndugu yangu, hujawahi kuona nyumba inayofurahia kilio namna ile. Lakini ilikuwa furaha ya kukopa: ng'ombe akifa, Doto angemfuata.

Kwa hiyo bibi akaamua kumpaka ng'ombe rangi. Tulichimba ule udongo mweupe wa kupakia kuta, tukaukoroga, tukamsiliba mwili mzima hadi kope. Alisimama uani kama nyumba mpya. Mwinjilisti alitokea kwenye kona na baiskeli, akaona kitu cheupe chenye pembe kikimtazama kwa macho mekundu, akaingia na baiskeli yake moja kwa moja kwenye shamba la mihogo. Tulimwinua. Alikuwa akisema Baba Yetu, amefika kwenye "utuokoe na yule mwovu", na hakuweza kwenda mbele.

Mbung'o walipungua kweli. Kisha mvua ikanyesha, ng'ombe akawa mweusi tena. Tukapaka, ikanyesha. Tukapaka, akajilamba. Mwishoni mwa mvua mbavu zake zilianza kuhesabika, na bibi, mwanamke wa kuhesabu, alizihesabu kila asubuhi.

Hapo ndipo ninapoingia mimi, na siingii kwa sifa.

Mtama ulikuwa umeanza kukomaa, na kazi yangu ilikuwa kufukuza ndege tangu jua linapochomoza. Kazi hiyo inataka kupiga makelele na kukimbia, mambo mawili nisiyoyapenda. Mtoto wa mrina asali alinifundisha kutengeneza ulimbo: unagema utomvu wa mkuyu, unauchemsha na mafuta ya karanga hadi unate kama dhambi, unapaka vijiti, ndege wakitua hawaondoki. Mimi nilale. Niliiba mafuta ya bibi, nikachemsha chungu kizima. Ili asikione, nikakifunika kwa kaniki yake ya kwenye kamba, nikakiweka nyuma ya zizi la ng'ombe, juani, nikaenda kutafuta vijiti.

Nilikaa huko. Niliporudi chungu kilikuwa kimelala ubavu, na ulimbo wote umelainika kwa jua na kuingia katika kaniki. Nikaikamua, mikono ikanasa. Nikatafuta kitu cha kufutia, nikaona kimeanikwa kitu cheupe, nikafuta kwa nguvu zangu zote, kaniki na mikono, mbele na nyuma. Kumbe ni shati jeupe la mjomba, lile moja, la ibada na la kumpokea Bwana Mbung'o. Sasa nilikuwa na makosa mawili yanayonata. Nikayaangika yote kwenye uzio wa zizi, upande wa msituni ambako watu hawapiti, nikiomba jua liyakaushe kabla ya Siku ya Hukumu. Kisha nikakimbilia mtamani, nikafukuza ndege kwa bidii ambayo haijawahi kuonekana. Bidii hiyo ndiyo iliyonisaliti. Bibi alisikia makelele yangu, akajua kuna jambo.

Alinikuta alasiri, ana ufito mkononi, mjomba nyuma yake. Alinishika sikio akanipeleka zizini. Mjomba alipoona shati, alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu mzima.

"Shati langu! Mama, shati langu! Bwana anakuja keshokutwa!"

Bibi aliinua ufito. Nikafumba macho. Nikangoja. Unajua jinsi fimbo inayochelewa inavyouma. Nikafumbua jicho moja, nikaona ufito uko juu palepale, na bibi hanitazami. Anaitazama kaniki. Kaniki ilikuwa imejaa mbung'o, wamenasa, wengine bado wakitikisa mbawa, kama kunde zilizomwagwa kwenye jamvi.

"Nani kaangika hizi?"

"Mimi, bibi."

"Shati nalo lina ulimbo uleule?"

"Uleule, bibi."

"Mwingi kama huu?"

"Mwingi, bibi. Nisamehe."

"Uliziangika pamoja, saa ileile?"

"Saa ileile." Nilidhani ananiongezea mashtaka.

"Mama, shati langu..."

"Nyamaza wewe, shati linasema!"

Alianza kuhesabu. Kwenye kaniki, arobaini na mmoja. Kwenye shati, watatu. Alihesabu tena akapata vilevile, akacheka kicheko kirefu, ufito ukamdondoka. Nimefikiri sana kuhusu dakika ile katika vyumba vyote nilivyopanga. Tulikuwa watatu, macho sita, kaniki moja. Mimi niliona kipigo. Mjomba aliona shati. Bibi peke yake aliona mbung'o, kwa sababu alikuwa amewangoja kwa miaka kadhaa na ungo wa karanga mapajani. Baadaye watu walipomwambia kwamba ni bahati tu, alijibu, "Bahati ni mgeni. Hulala nyumba iliyotandikwa."

Kipigo nilikipata jioni yake. Kwa ajili ya mafuta.

Kuanzia hapo nikawa mpishi wa ulimbo, kwa ruhusa. Bibi aliomba kaniki kuukuu kwa kila mwanamke kijijini, na asiyetoa kwa hiari alikuta kamba yake tupu. Tuliziangika kwenye miti mikavu kati ya zizi na msitu, mbali na ng'ombe, ili mbung'o wakutane nazo kwanza. Upepo ukivuma zilipepea zote pamoja, na wageni waliofika kizuizini waliuliza nani amefariki.

Bwana Mbung'o alifika siku yake, akitokea msituni upande wa Sikonge. Mjomba alimpokea katika shati lililokuwa limepikwa kwa majivu mpaka likawa na rangi ya uji, bado linanata kwapani, kwa hiyo saluti ilipopanda haikushuka. Mzungu akaziona kaniki.

"Mama, hizi nini?" Kiswahili chake kilikuwa kizuri kiasi cha kubishana.

"Shikamoo kwanza," bibi alimnong'oneza karani aliyefuatana naye, "mwambie sisi tunasalimiana."

Mzungu akasikia, akawa mwekundu, akasema, "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Hizi ni mitego ya mbung'o. Wanapenda nguo nyeusi."

"Nani amekufundisha?"

"Karanga, bwana."

Alicheka, karani naye akacheka kwa sababu ya kazi. Bibi hakucheka. Alisema, "Bwana, inua mikono. Geuka." Mjomba alifumba macho. Mzungu, sijui kwa nini, labda ni sauti ile, aliinua mikono akageuka. Kwenye mgongo wa koti lake la buluu iliyoiva, mgongo ambao hakuna mtu aliyewahi kuthubutu kuufagia, walikaa mbung'o saba. Kumbe alikuwa akiwaleta Tabora mwenyewe, kila safari, kwa gari la serikali.

Aliposikia idadi, kicheko kiliisha. Akaenda kuigusa kaniki ya karibu, mkono ukanasa. Akaivuta kwa mkono wa pili. Karani akakimbia kumsaidia, sasa wakawa wawili. Kofia ilianguka, akataka kuiokota, ikapanda naye. Tuliwatoa kwa mafuta ya karanga na majivu, na bibi akasema mafuta hayo hayahesabiwi. Bwana Mbung'o akakaa chini kwenye jamvi, miwani ikiwa imenata upande, akamwomba amweleze tangu mwanzo, rundo la kushoto na la kulia. Aliandika kurasa nyingi, zikashikana zote. Akaondoka na kaniki moja imefungwa kwenye debe. Kama aliyaandika mahali akaweka jina la bibi, sijui. Mjomba alipata shati jipya. La kaki.

Ng'ombe? Mbavu zake zilirudi ndani taratibu. Sidai kwamba ni kaniki peke yake. Labda alikuwa ng'ombe mkaidi tu. Lakini alipita kiangazi, akapita mvua nyingine, na Doto akaota meno, akatambaa, akasimama kwa kushika mkia wake.

Bibi alikufa mwaka mmoja kabla ya uhuru. Kizuizi kimeondoka, gogo halipo, kibanda hakipo. Na msitu wenyewe, ndugu yangu, ule tulioufikiri hauna mwisho, umekatwa kwa ajili ya mashamba na kuni za kukaushia tumbaku, mbung'o wakaondoka na miti yao, na asali ikawafuata. Nilimwona mtoto wa mrina asali Sikonge, anauza sukari.

Huko nililala kwa Doto. Ana mabani mawili ya kukaushia tumbaku, tumbo la mwenyekiti na sauti inayosikika hadi kwa jirani wa tatu. Mama mdogo hayupo tena, mjomba hayupo, Kulwa yuko Nzega na hapendi habari za zamani. Wakati wa chakula nikamsimulia Doto mambo haya yote: ungo, Jumatano ya ubatizo, udongo mweupe, kaniki. Alisikiliza akitafuna, mpaka mwisho.

"Dada," akasema, "umetembea sana, unachanganya watu. Mimi nilinyonya kwa mama kama mtoto yeyote. Nitazame. Mwili huu ni wa kijiko?"

Nikamtazama. Mlango wote wa nyuma yake haukuonekana. Nikatafuta nani duniani ningemwita aje anishuhudie, sikumpata hata mmoja.

"Basi labda ni Kulwa," nikasema.

"Enhe! Kulwa huyo ndiye alikuwa dhaifu," Doto akasema kwa kuridhika, akanyoosha mkono mnene juu ya meza, akanijazia kikombe maziwa mpaka yakamwagika.